Turf.js kwenye Node.js: uzoefu wangu na mita 60 za Mto Msimbazi

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: mtu abofye jengo kwenye ramani ya Dar es Salaam, seva imjibu kama liko ndani ya mita 60 za Mto Msimbazi. Ni zile mita 60 za kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kinachozuia shughuli za kudumu za binadamu karibu na mto. Mto na majengo nilivitoa OpenStreetMap, ramani huru ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, ambako mradi wa Ramani Huria ulianza kulichora jiji mwaka 2015.

Nilichagua Node.js (inayoendesha JavaScript kwenye seva) na Turf.js (maktaba ya JavaScript ya hesabu za ramani) kwa uvivu, nakiri. Upande wa kivinjari nilikuwa tayari naandika JavaScript, sikutaka kuifufua Java kwa swali moja. Hapo sijuti. Hesabu niliyoijaribu kwenye kivinjari jioni, asubuhi ilikuwa kwenye seva bila kuguswa mstari. Inapokea GeoJSON, yaani maumbo ya ramani yaliyoandikwa kama maandishi, inarudisha GeoJSON. Aliyewahi kuhangaika na huduma za WPS za zamani za kuomba hesabu za ramani kupitia mtandao, zile za XML ndefu kwa swali la sentensi moja, atanielewa.

Tatizo la Turf ni upole. Haikatai kitu. Siku ya kwanza niliomba bafa (ukanda unaozunguka mto) ya 60 bila kutaja kipimo, na usipotaja, yenyewe inahesabu kwa kilomita. Ukanda wa mto ukaimeza Dar nzima, ukafika Kibaha, ukavuka bahari hadi Kizimkazi, na seva ikajibu kwa utulivu kwamba kila nyumba imo. Kesho yake nikapindua namba. GeoJSON inataka longitudo kwanza; mimi, kama tulivyofundishwa shuleni, nikaanza na latitudo. Jengo la Jangwani likatua magharibi mwa Hispania, karibu na mpaka wa Ureno.

Hayo mawili unayaona kwa macho. Lililonitesa halionekani. Ramani ya viwanja niliyopewa ilikuwa ya Arc 1960, datumu (msingi wa kupimia mahali duniani) ya zamani, si WGS 84 inayotumiwa na GPS. Proj4js, maktaba niliyotumia kubadili namba za mahali kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, ilitaka niiandikie mwenyewe maelezo ya EPSG:21037, msimbo wa mfumo wa ramani hiyo, na ukisahau vigezo vya towgs84, vinavyosema jinsi ya kuhamia WGS 84, inabadili namba bila kuhamisha datumu. Kila kiwanja kinakaa pembeni kwa zaidi ya mita 200. Kwa swali la mita 60! Siku tatu zilipotea hapo, na hakuna onyo hata moja lililotokea.

Kasi sina malalamiko, hadi mwenzangu alipoomba majengo ya kata nzima kwa mpigo. Node huendesha JavaScript kwenye uzi mmoja, kwa hiyo hesabu yake ikawaweka wengine wote foleni. Nikaihamishia kwenye worker_threads, nyuzi za pembeni za Node, na bafa ya mto sasa inahesabiwa mara moja tu seva inapowaka, maana mto hauhami kati ya ombi na ombi. (Msimbazi wakati wa masika ni habari nyingine.)

Kwa swali la jengo moja moja nitaitumia tena bila kusita. Kwa mkoa mzima nimeiachia hesabu PostGIS, nyongeza ya ramani kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, Node inabaki kupokea wageni, yaani maombi. Na mgeni akija bila kipimo, au na longitudo isiyo kati ya 38.9 na 39.7, huduma yangu inamrudisha mlangoni kabla Turf haijapata nafasi ya kumkubalia.