Catalina 22 katika Ziwa Champlain: uzoefu wangu wa wikendi za matanga

Kwa mtu mwenye siku mbili na usiku mmoja au miwili, Catalina 22 ni mashua ninayoipendekeza bila kusitasita. Kwa mtu mwenye alasiri moja tu, ningemshauri aachane nayo akatafute chombo kidogo kinachosukumwa majini kwa mikono. Nasema hivyo baada ya misimu kadhaa ya kuivuta kwa gari hadi Ziwa Champlain, ziwa refu linalotenganisha majimbo ya Vermont na New York nchini Marekani na ambalo ncha yake ya kaskazini inaingia Quebec, Kanada. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimekulia pembezoni mwa majahazi na ngalawa, kwa hiyo nilipoinunua mashua hii ikiwa imeshatumika, sikuhitaji kufundishwa upepo. Nilichohitaji kujifunza ni trela, na kwa maoni yangu hapo ndipo mashua ya aina hii inapopaswa kupimwa.

Mashua yenyewe ni ya zamani kwa usanifu. Ilibuniwa na Frank Butler, mwasisi wa kampuni ya Catalina huko California, mwishoni mwa miaka ya 1960, na tangu hapo zimeundwa zaidi ya 15,000. Wingi huo una faida ambayo mnunuzi mgeni haioni upesi: vipuri vinapatikana kwa urahisi, kila tatizo limeshamkuta mtu mwingine, na mashua za miaka ya 1970 na 1980 huuzwa kwa dola elfu chache. Urefu wake ni mita 6.55 na upana ni mita 2.34, yaani inapita katika barabara za Marekani bila kibali maalumu, kwa kuwa kikomo cha upana huko ni kama mita 2.6. Uzito wake mtupu ni kama tani moja, lakini ukijumlisha trela, mashine ya kubandika tezini (nyuma ya mashua), mafuta, maji, nanga na vyombo vya jikoni, unavuta tani moja na nusu au zaidi, na gari dogo la familia halitauvuta mzigo huo kwa usalama, hasa katika vilima vya Vermont.

Yangu ina mkuku unaokunjwa, na hiyo ndiyo sababu ya kuichagua. Mkuku ni pande la chuma la takriban kilo 250 lililoning'inizwa kwenye pini moja kubwa chini ya mashua. Ndani ya chumba, chini ya ngazi ya kuingilia, kuna winchi ya mkono yenye waya wa chuma unaoliinua na kulishusha. Likishushwa lote, mashua inahitaji maji ya mita moja na nusu na inabisha vizuri, yaani inapanda dhidi ya upepo kwa kwenda upande huu na upande huu. Likipandishwa lote, inaelea katika maji ya sentimita 60, ambayo ni maji ya mapajani. Chuma hicho ndicho pia sehemu kubwa ya farumi, yaani uzito wa chini unaoizuia mashua isipinduke, kwa hiyo mtu hashushi tanga na mkuku ovyo ovyo kana kwamba ni vitu visivyohusiana: mimi napandisha mkuku matanga yakiwa yameshatuliwa na mashine ikiwa inafanya kazi.

Waya huo una tabia yake. Mashua ikishika kasi, maji yanayopita huutetemesha, nao huvuma kwa sauti nzito inayosikika hadi kwenye usukani. Jirani yangu, mzaliwa wa Uvira, Kongo, aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika, alipoisikia mara ya kwanza aligeuka akaitazama mashine iliyokwishazimwa, akaniuliza, "Kaka, moteri umezima, sasa ni nini inalia?" Wapo wanaochukizwa na mvumo huo, mimi nimeuzoea, na hata unanisaidia, maana ukianza najua tumeshafika mwendo mzuri. Kinachostahili wasiwasi si sauti bali waya wenyewe. Unabeba chuma chote, na ukikatika mkuku ukiwa umepandishwa, chuma kitaanguka kwa kishindo. Kila majira ya kuchipua naupitisha kati ya vidole nikiwa nimevaa glavu za ngozi, nikitafuta uzi mmoja uliochomoza, na nikiupata sibishani nao, naubadilisha wote.

Sasa trela. Trela niliyouziwa pamoja na mashua ilikuwa na rangi mpya inayong'aa na breki zisizoshika, pamoja na taa za nyuma zilizowaka siku ya kuuziana na kuzimika pale tu zilipogusana na maji, ingawa muuzaji alinihakikishia kwamba kila kitu kilikuwa kimekaguliwa. Nilibadilisha beringi, breki, nyaya za umeme na matairi yote, na gharama hiyo ilikaribia nusu ya bei niliyolipia chombo kizima. Matairi ya trela huzeeka kwa kusimama kuliko kwa kutembea. Kashata zake zinaweza kuonekana nzima huku ubavuni pameanza kupasuka nyufa ndogondogo. Anayekwenda kuangalia mashua ya kununua, achuchumae kwanza kwenye magurudumu kabla ya kupanda kuona magodoro.

Kazi ya kuitayarisha mashua pale pwani ya ziwa huchukua, kwa watu wawili wanaojua wanachokifanya, kama saa moja na nusu. Muda mrefu unaliwa na mlingoti, ambao una urefu unaozidi mita 7 na husafirishwa umelazwa juu ya mashua. Kitako chake hufungwa kwa bawaba juu ya paa la chumba. Mmoja husimama nyuma akaunyanyua begani hatua kwa hatua, mwingine huwa mbele akivuta kamba, na nyaya za ubavuni hubaki zimefungwa ili usianguke pembeni. Kitendo cha mwisho ndicho kinachonichosha kuliko vyote: kushika waya wa mbele ulionyooka kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili kuingiza pini nyembamba kama penseli katika tundu lisilotaka kukaa sawasawa, huku mwenzako nyuma akihema na kuuliza kama tayari. Kabla ya yote hayo, tazama juu. Mlingoti wa alumini na waya wa umeme havipatani, na maegesho mengi yana nyaya zinazopita kandokando. Kazi hii ifanyike kwenye maegesho, si kwenye mteremko wa kushushia mashua. Wavuvi wenye boti za mashine hushusha zao kwa dakika tano, na hawana subira na mtu anayetafuta pini kati yao na maji.

Hesabu hiyo ya saa moja na nusu kwenda, na karibu hiyohiyo kurudi, ndiyo inayoua safari ya siku moja. Ukiigawanya katika wikendi nzima, hutaihisi tena.

Kuhusu kusafiri kwenyewe, nitasema kwa ufupi kwamba ni chombo kitulivu na kisamehevu. Kina tanga kuu na tanga la mbele, jumla yake kama mita 20 za mraba, na kwa mtu aliyezoea jahazi la foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, raha yake ni katika kubisha: hakuna kuzungusha foromali mbele ya mlingoti wala kukimbizana na kamba, unasukuma usukani, tanga la mbele linahamia upande wa pili, unakaza demani, yaani kamba ya tanga, umemaliza. Upepo ukizidi kilomita 25 kwa saa hivi, napunguza tanga kuu bila kungoja ushauri, kwa sababu chombo hiki hulala sana kikizidiwa na kisha husukwasukwa bila kuongeza mwendo. Kasi yake haitazidi sana kilomita 11 kwa saa hata ukifanyaje.

Safari ninayoirudia mara kwa mara huanzia ghuba ya Malletts Bay, kaskazini ya mji wa Burlington, ambako jimbo lina mteremko wa umma usiotozwa ada. Ghuba hiyo imezibwa upande wa magharibi na tuta refu la mawe lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya reli. Reli haipo tena, na siku hizi juu yake hupita waendesha baiskeli. Mahali pamoja tuta limekatika, na hapo ndipo mashua hupita kuingia ziwani penyewe, huku kivuko kidogo kikiwavusha watu na baiskeli zao kutoka kipande kimoja cha tuta hadi kingine. Nashauri kuwasha mashine pale. Upepo hubadilika ghafla kati ya mawe, na kivuko kina ratiba yake.

Nje ya tuta ndipo ziwa linapojitambulisha. Lina urefu wa kilomita 193 hivi lakini upana wake mkubwa ni kama kilomita 19 tu, limelala kutoka kusini kwenda kaskazini kati ya milima ya Adirondack na Green Mountains, kwa hiyo upepo wa kusini hupata uwanja mrefu wa kukimbilia na kutengeneza mawimbi mafupi yaliyosimama wima, yanayofuatana upesi kuliko ya bahari niliyoizoea. Katika mawimbi hayo mashua ndogo hupiga kichwa na kurusha maji hadi nyuma. Mchana wa Julai huja pia dhoruba za radi kutoka magharibi. Siku moja yule jirani wa Uvira alikuwa akilalamika kwamba ziwa kubwa hivi halina mikeke, samaki wa kwao Tanganyika, kisha akanyamaza katikati ya sentensi na kunyoosha kidole kuelekea Adirondack, ambako wingu lilikuwa limeanza kuwa jeusi kwa chini. Tulitua matanga papo hapo, tukavaa majaketi ya kuokolea yaliyokuwa bado hayajavaliwa, na mvua ilipotufikia tulikuwa tayari tumetia nanga nyuma ya kisiwa. Mtu aliyekulia kwenye maziwa ya milimani ni abiria bora kuliko chombo chochote cha kutabiri hali ya hewa.

Kisiwa hicho ni Valcour, upande wa New York, kama kilomita 10 kutoka kwenye tuta. Oktoba 11, 1776 Benedict Arnold, jenerali wa Wamarekani waliokuwa wakipigania uhuru, alizificha meli zake kati ya kisiwa hicho na nchi kavu na kupigana na jeshi la majini la Uingereza. Mojawapo ya meli zilizozama, Philadelphia, iliopolewa mwaka 1935 na sasa iko katika jumba la makumbusho mjini Washington. Kwa msafiri wa wikendi, umuhimu wake ni kwamba kina ghuba ndogondogo pande zote, kwa hiyo unachagua ya kulala kulingana na upepo utakaovuma usiku. Jumamosi za Agosti huwa zimejaa, na mashua kubwa hukaa katikati kwenye kina. Hapo ndipo mkuku unaokunjwa unapolipa: napandisha chuma na kusogea karibu na ufuko, ambako wakubwa hawawezi kunifuata, na watoto hushuka kwa miguu.

Trela nayo hulipa kwa namna yake. Kwa upande wa mashariki wa visiwa vikubwa kuna sehemu ya ziwa iliyotulia zaidi, yenye kisiwa cha Burton ambacho ni hifadhi ya jimbo, hakifikiki kwa gari, na kina gati la mashua. Kutoka Malletts Bay kwa maji, mwenye mlingoti analazimika kuzunguka visiwa hadi kaskazini na kungoja daraja lifunguliwe. Kwa barabara ni mwendo usiofika saa moja. Mama watoto, ambaye hapendi mawimbi hata kidogo, sasa huuliza kabisa kama tunakwenda "upande wa kwake".

Ndani, tangazo la biashara husema wanalala watu wanne au watano. Wawili watalala vizuri, na watoto wawili wataongezeka bila ugomvi ikiwa hakuna mvua. Huwezi kusimama wima isipokuwa mashua yako ina paa la kuinuliwa, na kama hainalo, fikiria mara mbili ikiwa mgongo wako una historia. Tunapika juu ya jiko dogo la gesi: chai ya maziwa, mayai, na maharage ya nazi niliyoyapika nyumbani na kuyagandisha ili yaendelee kupooza kisanduku cha barafu hadi jioni ya kwanza. Choo ni cha kubebeka na humwagwa nchi kavu. Kumwaga uchafu wa choo ziwani hakuruhusiwi, na ni haki, kwa kuwa watu wengi wa kandokando hunywa maji hayo.

Ukiitoa mashua majini, sheria ya Vermont inataka uondoe majani yote na kufungua vizibo maji yatoke kabla ya kuingia barabarani. Kombe wadogo waitwao pundamilia waligunduliwa ziwani humo mwaka 1993, na hakuna anayetaka kuwapeleka kwenye maziwa mengine akiwa na trela. Mimi huchunguza zaidi ule mfereji unaohifadhi mkuku, kwa kuwa majani hujificha humo.

Atakayeamua kununua, namshauri aanze kutafuta Oktoba, msimu wa matanga unapokaribia kwisha na wauzaji wengi hawataki kulipia sehemu ya kuihifadhi hadi Mei. Amwombe muuzaji asimamishe mlingoti na kupandisha mkuku mbele yake, kisha waifunge trela kwenye gari na kuizungusha mitaa miwili mitatu kabla fedha hazijatoka mfukoni. Muuzaji akisema leo haiwezekani, arudi siku itakapowezekana.