Likwidi ya ioni ya kutosha kobalti: naipa nyota ine

Bandugu ba labo hapa Lubumbashi, hii likwidi ya ioni (ni chumvi yenye iko maji-maji yenyewe) ya fosfoniumu kloridi iko muzuri sana, juu ya kwanza haitoi ule mvuke wa solvanti (maji-maji ya kuyeyushia) tumezoea, yenye kuuma kichwa. Unaimwaga juu ya maji ya asidi hidrokloriki yenye kobalti na nikeli, unatikisa, unaacha itulie, njo unaona tabaka ya juu inageuka bluu kabisa, ile bluu ni kobalti yenye imeshikana na kloridi ine, na nikeli inabakia chini na kijani yake. Kurudisha kobalti unaosha na maji tu, kloridi inapunguka, kobalti inaachilia. Minapenda sana hiyo!

Sasa kasoro. Ni nzito kama asali, lazima upashe moto kidogo ama tabaka hazitengane haraka. Chuma na shaba zinaingia nayo, basi uzitoshe mbele. Na mu asidi sulfuriki yenye viwanda vya huku vinatumia, kama hauongeze kloridi nyingi, kobalti haitoke. Bei iko juu sana, njo maana nimetosha nyota moja.