Miezi 9 na kituo cha kulelea watoto cha mtaani kwetu: nilicholipa na nilichopata

Nianze na hesabu, maana ndiyo iliyoninyima usingizi. Mimi ni keshia kwenye duka la vifaa vya umeme Kariakoo, Dar es Salaam, mkononi napokea shilingi 450,000 kwa mwezi. Mume wangu ni fundi aluminiamu. Akipata kazi ya nyumba nzima tunapumua, asipopata hata wiki tatu zinapita tunakula mshahara wangu peke yake. Tumepanga vyumba viwili Kimara kwa 150,000. Mtoto wa kwanza yuko darasa la kwanza, shule ya serikali. Wa pili, binti yetu, ana mwaka mmoja na miezi mitano, na ndiye ninayemwandikia haya yote.

Likizo yangu ya uzazi ilikuwa siku 84 kama sheria inavyosema. Zilipoisha, mama mkwe akaja kutoka Singida akakaa nasi miezi miwili, kisha msimu wa kulima ukafika akarudi shambani. Dada wa kazi tulimfikiria sana. Kwa mtaa wetu dada wa kulala hapohapo analipwa 80,000 hadi 100,000, na ana haki ya chakula, sabuni, matibabu, nauli ya kwenda kwao na mahali pa kulala penye heshima. Sisi tuna vyumba viwili. Sikuona namna ya kumlaza binti wa watu kwenye mkeka sebuleni mwaka mzima halafu nimkabidhi mwanangu nikiwa na amani. Tukaamua kituo.

Cha kwanza sikitaji jina, kiko kando ya barabara kubwa, kuta zina picha za wanyama, bembea tatu, watoto wanavaa sare. Ada ilikuwa 150,000. Nikasema sawa, tutabana. Kumbe ada ni mwanzo tu. Kujiandikisha 50,000. Vifaa, yaani godoro dogo, sabuni, tishu, vikombe na beseni, vikanitoka 38,000. Halafu kituo kinafungwa saa 11 jioni, ukichelewa ni 5,000 kwa siku. Mimi saa 11 ndiyo nafunga hesabu za duka. Usafiri ukikubali nafika Kimara saa 12 na robo, usipokubali saa 1. Siku ambazo mume wangu hakuwa na kazi alimfuata yeye. Siku alizopata kazi tulilipa faini. Mwezi wa kwanza tulichelewa mara 14, ikawa 70,000. Jumlisha: 308,000. Zaidi ya theluthi mbili ya mshahara wangu, na bado sijanunua nepi wala sijapanda gari.

Sisemi waliniibia. Masharti yote yalikuwa kwenye fomu na nilisaini. Nilisoma ada nikaacha kusoma saa, na hilo ndilo ningependa mzazi mwenzangu alishike: kwa mtu anayetoka kazini jioni kama mimi, bei ya kituo imeandikwa kwenye saa ya kufunga.

Kilichonitoa pale si pesa peke yake. Asubuhi moja nilimfunga nepi ambayo gundi ya upande mmoja ilikuwa imechanika, nikaibana kwa kipande cha plasta ya kidonda. Jioni nilipofika nyumbani nikamvua, plasta ni ileile, imelowa na kuviringika, ngozi ya mapajani imekuwa nyekundu kama imechomwa na maji ya moto. Alikuwa na miezi minane. Nililia nikiwa namwosha. Kesho yake niliuliza kwa adabu, nikajibiwa walezi ni wachache na watoto wameongezeka. Nikamaliza mwezi nikaondoka.

Kituo tulichopo sasa alinielekeza mama mmoja anayeuza vitumbua karibu na kituo cha daladala. Ni nyumba ya mama mtu mzima, muuguzi mstaafu, watoto wote wanamwita Bibi na sisi wazazi pia. Ametenga sebule na chumba kimoja, na nje kuna kibaraza na ua mdogo. Hakuna picha ukutani isipokuwa cheti cha usajili kwenye fremu, na hicho ndicho nilichokiuliza kwanza, kwa sababu Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kituo cha kulelea watoto mchana kisajiliwe na Ustawi wa Jamii. Hakuona vibaya kuulizwa. Alikitoa ukutani akanipa nikisome mwenyewe.

Anafungua saa 12 asubuhi, anafunga saa 1 usiku. Niliposikia hivyo nilijikuta nimekaa kwenye benchi.

Malipo yake yako hivi. Mtoto mchanga ni 4,500 kwa siku, au 22,500 kwa wiki, unalipa Jumatatu. Jumamosi nusu siku ni 3,000. Uji wa saa 4 na chakula cha mchana vimo humo. Kijana wangu mkubwa akitoka shule anapitia hapo, anakula na kukaa mpaka nije, 1,000 kwa siku. Kwa mwezi wa wiki nne binti ni 90,000, Jumamosi 12,000, kaka yake kama 20,000. Jumla 122,000 kwa watoto wawili, na faini sijalipa hata moja tangu nianze.

Lakini kwa familia yetu kulipa kwa wiki kumesaidia kuliko hata ukubwa wa bei. Fundi halipwi tarehe 30. Analipwa akikabidhi dirisha. Tukidaiwa 150,000 kwa mpigo tarehe moja, tulikuwa tunakopa kwa majirani, au nachelewesha pesa ya mchezo wa kikundi, yaani upatu, na kuaibika. 22,500 ya Jumatatu inapatikana. Mume wangu akilipwa Ijumaa anamtumia Bibi moja kwa moja kwa simu kabla hela haijaguswa. Wiki ambazo hana kazi kabisa, binti anakaa na baba yake siku mbili na tunalipa zile siku tatu tu kwa bei ya siku. Bibi anataka taarifa Jumapili jioni, basi.

Kila mtoto ana daftari dogo la kurasa 40. Nimeyatunza yote. Hili la jana linasema: "Uji kikombe kimoja na nusu. Wali na maharage, maharage amependa. Choo mara 1, kawaida. Amelala 6:50 hadi 8:30. Alipoamka alilia kidogo, alikuwa anatafuta ziwa." Nasoma haya nikiwa nimesimama mlangoni na mkoba begani. Kwa muda wa saa kumi na moja sijamwona mwanangu, na kwa mistari mitano narudishiwa siku yake.

Pale pia ndipo nilipojifunza jambo ambalo nilipaswa kulijua mapema. Mama mmoja tunayekutana mlangoni aliniuliza kwa nini nakuja mbio kila siku wakati bado nanyonyesha. Akaniambia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi kwa ajili ya kunyonyesha. Sikuwahi kusikia. Mimi siwezi kutoka Kariakoo mchana, nikaja Kimara na kurudi, kwa hiyo nilimwomba bosi nichukue saa moja jioni, niondoke saa 10. Aliuliza mpaka lini, nikamjibu mpaka nitakapomwachisha. Akakubali. Nikikumbuka zile 70,000 za faini, moyo unaniuma, kwa sababu muda ule ulikuwa haki yangu. Kama unanyonyesha na umeajiriwa, ongea na mwajiri kabla hujaongea na kituo chochote.

Nepi nazo. Kituo cha kwanza kilikubali za kutupa tu. Nne kwa siku, kwa bei ya rejareja ya mtaani kwetu 450 moja, kwa siku 22 za mwezi ni karibu 40,000. Bibi anapokea za kitambaa. Nilinunua 20 kwa 1,500 moja, yaani 30,000 mara moja tu. Zilizochafuka anazisuuza choo kikitoka, anazifunga kwenye mfuko, nafua nyumbani usiku. Ni kazi, sitadanganya. Msimu wa mvua hazikauki, nazianika ndani juu ya kiti cha plastiki, na wiki mbili nililazimika kurudi kwenye za kutupa. Ila pesa iliyobaki ndiyo inayonunua samaki wa Jumapili. Maziwa ya kukamua pia anapokea. Nakamua usiku na alfajiri, naweka kwenye chupa yenye jina, yanakaa kwenye friji yake mpaka mtoto ayahitaji. Mara ya kwanza alinionyesha yeye mwenyewe namna ya kuyapasha, ndani ya bakuli la maji ya moto, si juu ya jiko.

Sasa kasoro, maana zipo. Walezi ni Bibi na wasichana wawili, na kuna siku watoto wanafika 16. Siku hizo ni wengi mno. Mwezi wa sita binti aling'atwa mkononi na mtoto mwenzake, alama za meno zilikaa siku tatu. Daftari lilisema ukweli na Bibi alinipigia kabla sijafika, lakini aling'atwa kwa sababu macho hayakutosha. Nimemwomba aweke kikomo, amesema anatafuta msichana wa tatu. Ua hauna kivuli cha kutosha, mchana watoto wanabanana kibarazani. Na mtoto mwenye homa hapokelewi. Naunga mkono sharti hilo kwa asilimia zote, ila kwangu maana yake ni kukosa kazi: mwezi wa nane alipata kuhara, nikakaa naye siku nne, siku mbili nikakatwa kwenye mshahara. Pesa ya wiki uliyokwisha kulipa hairudishwi hata mtoto akiugua Jumanne. Tulipoona hivyo, msimu wa mafua tunalipa kwa siku.

Na niseme hili kwa wazazi wenzangu tunaobanwa. Kuna wanaochelewesha pesa ya Bibi mpaka mwisho wa mwezi, kwa sababu hatozi faini na hagombani. Wale wasichana wawili wanalipwa kutokana na hizo Jumatatu zetu. Nilimkuta mmoja wao anaombwa asubiri mpaka Alhamisi kwa ajili ya nauli, na mikononi kambeba mtoto ambaye mzazi wake hajalipa wiki mbili. Tunaotafuta nafuu tusiitafute kwake.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ile moja nitaiongeza msichana wa tatu akija.

Sijaweka jina wala namba kwa sababu ni nyumba anayoishi, na kwa sasa nafasi za wachanga zimejaa. Anayetafuta kituo cha namna hii kwenye mtaa wake aulizie kwa afisa ustawi wa jamii au ofisi ya serikali ya mtaa. Halafu aende kutazama saa 4 asubuhi bila kutoa taarifa. Ndio muda wa uji, na utaona kila mtoto ananyweshwa na nani, kikombe ni cha nani, na yule anayelia kabebwa au kaachwa.