Mwongozo wa kununua matairi ya Subaru ya turbo: lipi litapatikana tena mwakani?

Wasomaji wanaoniandikia kuhusu Subaru zenye turbo, iwe Impreza WRX au Forester XT, huuliza kwanza habari za mafuta na bima, kisha mwaka haujaisha wanarudi kulalamikia matairi. Malalamiko yaliyonisukuma kuandika mwongozo huu yalitoka kwa msomaji wa Mwanza ambaye tairi lake moja lilichanika ubavuni, akauziwa jipya la saizi ileile, na baada ya muda gari likaanza kushikashika kila anapokata kona finyu kuingia uani kwake. Fundi akamwambia difu ya kati, kifaa kinachogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, imechoka. Muuzaji alipofuatwa alijibu kwamba saizi ni saizi, na kwamba tairi lake halihusiki.

Linahusika sana. Chukua tairi la 225/45R17, saizi iliyofungwa kwenye WRX nyingi: likiwa jipya mzingo wake, yaani urefu wa kulizunguka mara moja, ni takriban milimita 1,990, kwa hiyo huzunguka kama mara 502 katika kilomita moja. Likishaliwa milimita 4 za meno, huzunguka mara 508. Tofauti hiyo, hata ikigawanywa na tairi mwenzake wa ekseli ileile, hailali. Kwenye WRX ya gia za mkono inabebwa na difu ya kati, ambayo ndani yake mna majimaji mazito ya silikoni yaliyokusudiwa kufanya kazi kwa vipindi, gurudumu linapoteleza. Yakikorogwa kutwa nzima kwenye lami kavu hupata joto, hukaza, na mwishowe hayalegei tena. Kwenye otomatiki nyingi zinazosagika ni bamba za klachi. Subaru nchini Marekani huwashauri wateja wake kwamba mizingo ya matairi manne isipishane zaidi ya robo inchi, yaani kama milimita 6, na milimita 6 za mzingo ni milimita moja tu ya kina cha meno. Hakuna muuzaji aliyewahi kunitajia jambo hili bila kuulizwa, nami nimeuliza wengi.

Kwa sababu hiyo sitajadili hapa mshiko kwenye mvua, kelele, wala mwendo wa juu, mambo ambayo utahubiriwa dukani utake usitake. Ninapanga matairi kwa maswali mawili. La kwanza: tairi moja likiharibika miezi kadhaa baadaye, je, utapata pacha wake, wa chapa ileile na toleo lilelile? Kampuni mbili zinaweza kuandika saizi moja huku mizingo yao halisi ikitofautiana. La pili: je, tairi la akiba linaweza kufungwa upande wowote wa gari? Swali hili linatokana na ushauri wangu mkuu, ambao ni kununua matano badala ya manne, la tano likae kwenye rimu inayofanana na nyingine, na yote matano yazungushwe kila kilomita 10,000. La tano likibaki jipya stoo huku manne yakiliwa, siku ya kuharibikiwa litakuletea tatizo lilelile la Mwanza. Lisipoenea kwenye shimo la buti, liweke nyumbani, ila zamu yake isirukwe.

Nafasi ya kwanza naipa Michelin, aina ya Pilot Sport 4 au Pilot Sport 5, na sifichi kwamba naipendelea chapa hii. Meno yake hayana mshale wa mwelekeo, ule unaolazimisha tairi lizunguke upande mmoja tu. Kuna alama ya upande wa nje na upande wa ndani tu, hivyo tairi lolote kati ya matano huingia kulia au kushoto bila kuvuliwa kwenye rimu. Kasoro yake, ukiacha bei inayoumiza, ni kwamba Pilot Sport 5 ilitoka mwaka 2022 kuchukua nafasi ya 4, na wapo wauzaji wanaomalizia shehena za zamani kwa kuchanganya: mawili ya 4, mawili ya 5. Kataa.

Bridgestone Potenza Sport inafuata kwa karibu, nayo haina mshale. Nimeishusha kwa sababu katika maduka ninayoyajua, kinachojaa rafuni ni Turanza, aina nyingine ya Bridgestone, na Potenza huagizwa; anayesubiri tairi moja kwa wiki kadhaa hushawishika kufunga chochote. Yokohama Advan Fleva V701 ni tairi zuri, lakini lina mshale. La tano litafaa upande mmoja tu, na likihitajika upande wa pili ni lazima livuliwe, ligeuzwe na kubalansiwa upya, gharama ndogo inayojirudia kila zamu. Kwa hiyo ni la tatu.

Matairi ya bei nafuu kutoka China: yapo yanayofaa, lakini toleo la leo mwakani mara nyingi halipo, basi nunua sita au usinunue. Mitumba ya Japani siishauri kabisa, kwani kila moja ina kina chake, na mengine ni ya theluji, yenye neno STUDLESS ubavuni, ambayo mpira wake laini huisha upesi kwenye joto letu.

Kuhakikisha mwenyewe hakuhitaji mtambo. Pandisha gari kwa jeki, zungushia kamba isiyovutika katikati ya meno, weka alama inapokutana, kisha ipime. Utepe wa fundi cherehani huishia sentimita 150, hautoshi kulizunguka tairi. Fanya hivyo kwa yote, upepo ukiwa sawa.

Kuhusu bei, wauzaji wana tabia moja inayonikera kuliko zote: hutazama gari kabla ya kutaja bei. Wakiona tundu la hewa juu ya boneti, tairi lililotajwa kwa bei fulani kwenye simu hupanda papo hapo, na ukiomba moja peke yake bei yake huzidi robo ya bei ya manne, kana kwamba unaadhibiwa kwa pancha. Mimi huenda kwa bajaji na saizi iliyoandikwa kwenye karatasi. Wengine hukataa kuondoa nailoni ili usome tarakimu nne za tarehe ubavuni, ambapo 2319 humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Anayekataa, mwachie tairi lake. Kabla ya kulipa, dai risiti iandikwe jina kamili la toleo pamoja na tarakimu hizo kwa kila tairi, na bei ya kufunga na kubalansi itajwe kwa matano, kwa sababu la tano ndilo huongezewa malipo baada ya gari kupandishwa jeki.