Capital One Arena, Washington: kateni tiketi za juu

Nimeshakaa pande zote za Capital One Arena, chini karibu na vioo na juu kabisa kwenye sehemu za namba 400, na kwa ndugu anayekwenda kutazama hoki ya barafu kwa mara ya kwanza nina ushauri mmoja: kata tiketi ya juu. Chini unasikia kishindo cha wachezaji wakibamizwa ukutani, na raha yake si ndogo. Lakini paki, kile kidude cheusi cha mpira chenye upana wa sentimita 7.6, kinakupotea kila mara. Juu, hasa ukikaa upande mrefu wa uwanja, mita 61 za barafu ziko mbele yako zote. Unamwona aliyeachwa peke yake, unaiona pasi kabla haijafika, unawaona watano wakipokezana na wenzao wa benchi huku mchezo ukiendelea. Mtu aliyekulia kwenye soka akiuona hivyo anauelewa upesi.

La pili: mapumziko yakifika, usikimbilie chakula. Kula mapema mitaa ya Chinatown, uwanja uko hapo hapo. Mchezo una vipindi vitatu vya dakika 20, na katikati yake mashine mbili za Zamboni huingia kuitengeneza barafu. Kisu kinakwangua pale palipochimbwa na viatu, na nyuma kitambaa kinaacha utando wa maji ya moto. Ndiyo, ya moto! Yanayeyusha kidogo uso wa zamani, yanashikana nao, kisha yanaganda yakiwa laini kabisa. Mimi hubaki kitini mpaka zitoke.

Barafu yenyewe ni nyembamba, haifiki hata sentimita tano, na chini yake kuna zege lenye mabomba yanayopitisha kimiminika kilichopozwa chini ya nyuzi sifuri. Wizards wakiwa na mechi ya kikapu haiyeyushwi. Inafunikwa kwa vipande vya kuzuia baridi, kisha sakafu ya mbao inapangwa juu. Ukienda kwenye kikapu au tamasha la muziki, jua kwamba huenda umekanyaga barafu bila kuiona. Kwangu hicho ndicho kinachoufanya uwanja huu, uliofunguliwa Desemba 1997, ustahili kuitwa wa shughuli nyingi.

Na kelele! Mashabiki wa Capitals, timu ya hoki ya hapa, huwa wamevaa nyekundu tangu kwenye treni, na wimbo wa taifa ukifika neno "red" ukumbi mzima unalitamka kwa nguvu. Hapa ndipo nyota wao Alexander Ovechkin alipofunga mawili dhidi ya Chicago, Aprili 4, 2025, akafikia rekodi ya ligi ya mabao 894 iliyowekwa na Wayne Gretzky. Bendera ya ubingwa wa 2018 inaning'inia darini. Ukiwa juu unaisoma vizuri.

Sisi tunaotoka upande wa Silver Spring tunapanda treni ya Red Line moja kwa moja hadi Gallery Place, na kituo kiko mlangoni. Beba jaketi hata kama ni Aprili. Soma masharti ya mikoba kabla ya kuondoka nyumbani, na kwa kuwa ukarabati mkubwa umepangwa kuendelea hadi 2027, fuata mlango ulioandikwa kwenye tiketi yako. Mechi ya saa moja jioni humalizika kama saa tatu na nusu usiku, treni zikiwa bado zipo, kwa hiyo hata watoto wa shule wanaweza kwenda Ijumaa.