Siku Tatu Ndanda: tathmini ya hija ya karibu kwa Mkristo wa Kusini

Mkristo wa Mtwara au Lindi anayetaka kwenda hija ili kuihuisha imani yake huanza, mara nyingi, kwa kuuliza nauli. Nami nilianza hivyo. Niliweka akiba sehemu ya malipo ya korosho, nikajiandikisha kwa wakala wa safari aliyekuwa akikusanya mahujaji wa kwenda Namugongo, nchini Uganda, kwa ajili ya sikukuu ya tarehe 3 Juni.

Namugongo ni mahali patakatifu, na sitasema neno la kupapunguzia heshima. Hapo ndipo Karoli Lwanga na wenzake walipochomwa moto tarehe 3 Juni 1886 kwa kukataa kuikana imani yao. Wafiadini 22 Wakatoliki wa Uganda walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964, na Waanglikana waliouawa katika mateso hayohayo wanakumbukwa mahali hapohapo. Nilipowaona watu waliofika kwa miguu kutoka mbali, wengine wakiwa wazee, machozi yalinitoka. Hata hivyo, wakala wetu alikuwa ametupangia siku moja tu ya ibada baada ya siku kadhaa za basi. Tulifika tukiwa tumechoka, tukasimama mbali na altare, sikupata nafasi ya kitubio, na jioni tukaitwa garini. Nilirudi nyumbani na rozari mpya na moyo uleule.

Mwaka uliofuata nilichagua Ndanda, mahali ambapo nimepita mara nyingi nikielekea Masasi bila kushuka. Safari hii nilishuka, nikakaa siku tatu katika nyumba ya wageni ya watawa.

Abasia ya Ndanda, yaani monasteri ya watawa Wakatoliki wa Mtakatifu Benedikto (Wabenediktini), iko chini ya mteremko wa uwanda wa Makonde, na misheni yake ilianza mwaka 1906. Hakuna tokeo la Bikira Maria lililotangazwa hapa kama lile la Kibeho, Rwanda, wala hakuna maandamano ya maelfu ya watu. Kilichopo ni kengele. Inapolia, mabruda na mapadre huacha karakana, bustani na ofisi, wakaingia kanisani kuimba zaburi. Na mgeni huruhusiwa kukaa nao, asubuhi kabla jua halijapanda na jioni wakati wa Masifu. Asiyezoea ukimya ataiona siku ya kwanza kuwa ndefu mno, na mimi niliiona hivyo. Siku ya pili nilianza kuyasikia maneno ya zaburi ambazo nimekuwa nikizitamka tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Siku ya tatu niliomba padre, nikaungama bila kuharakishwa, jambo nililolikosa safari yote ya Uganda. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inaagiza mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe, na hapo nilielewa kwamba agizo hilo laweza kutimizwa kwa kumpa mtu muda tu.

Kuna jambo lingine ambalo wasimamizi wa hija za mbali hawawezi kulitoa. Kabla ya kufika Ndanda, anayetoka Lindi hupita Nyangao, misheni iliyochomwa mwaka 1905 wakati wa Vita vya Maji Maji, sawa na ile ya Lukuledi. Mwezi Agosti mwaka huohuo Askofu Mkatoliki Cassian Spiss aliuawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili alipokuwa njiani katika eneo la Liwale. Sisi wenyeji hatuwezi kuwaombea hao tukawasahau babu zetu waliopigania ardhi yao, wala wale walioangamizwa na njaa iliyofuata. Nilisali nikiyabeba yote mawili, na sala hiyo ilikuwa nzito kuliko zote, kwa sababu wafu hawa ni wa kwetu.

Shangazi yangu, ambaye ni Mwanglikana, aliposikia habari hizi aliniambia, "Mwanangu, mbona umeishia njiani? Masasi je?" Ana haki. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani, na kutoka katika kijiji chao Kanisa la Anglikana lilienea upande huu wote. Hija inayounganisha Nyangao, Ndanda na Masasi yafaa familia zenye madhehebu mawili, ambazo kwetu ni nyingi.

Kwa anayekusudia kwenda, ushauri wangu ni huu: awasiliane na watawa mapema, asiende kwa siku moja, na asisubiri kupangiwa ratiba na mtu yeyote, kwani ratiba ni ile ya kengele. Aliye na imani iliyochoka kwa upweke, anayetamani kujiona sehemu ya Kanisa kubwa, aende Namugongo, ila ahakikishe anapata siku za kutosha. Aliyechoshwa na kelele, mwenye jambo la kuungama au msiba ambao hajaulilia, ashuke Ndanda. Mimi na shangazi tumekubaliana kwenda Kwaresima ijayo, naye amesisitiza tuanzie Masasi.