Tundu la Kasuku Mdogo: Chunguza Waya Kabla ya Kuuliza Bei

Julai mwaka juzi nilinunua tundu katika duka moja la hapa Nairobi kwa shilingi 4,500, waya wake uking'aa kama sufuria mpya, nikamweka humo Zabibu, kasuku wangu mdogo wa asili ya Australia ambaye ni mwepesi kuliko yai la kuku. Wiki ya tatu alianza kunywa maji kupita kiasi, kinyesi kikawa majimaji ya kijani, na asubuhi moja nikamkuta chini ya tundu manyoya yamemsimama, hana nguvu ya kushika kijiti. Daktari wa mifugo alimpiga picha ya eksirei, akanionyesha chembe za chuma ndani ya firigisi, akasema ni sumu ya zinki. Alipona kwa sindano nyingi.

Kuhusu ukubwa sitasema mengi: mbawa zinyooke bila kugusa kuta, nafasi kati ya waya isizidi sentimita 1.2, na tundu la mviringo liachwe dukani. Linalosahauliwa ni mpako wa waya. Kasuku hupanda kwa mdomo kama anavyopanda kwa miguu, hivyo hung'ata waya kila anaposogea, na waya uliochovywa katika zinki ili usishike kutu humwachia magamba anayoyameza, kisha asidi ya tumbo huyayeyusha yakaingia mwilini. Nilipolichunguza lile tundu dirishani, kila kiungo kilikuwa na tone gumu la zinki, isipokuwa juu ya kijiti alichokipenda Zabibu, ambako matone yalikuwa yamebanduka na kuacha chuma cheusi chenye mikwaruzo ya mdomo.

Nafasi ya kwanza naipa kampuni ya matundu ya Montana ya Ujerumani, wala sifichi mapenzi yangu kwake, kwa sababu watengenezaji wenyewe hutangaza kwamba rangi yao haina zinki wala risasi. Langu aliniletea shemeji likiwa vipande vipande, na hadi leo Zabibu hajafaulu kubandua hata gamba moja.

Ya pili ni tundu la kuagiza kwa fundi wa Kariobangi au Kamukunji hapa Nairobi, mradi waya wa chuma kisichoshika kutu (stenlesi) uununue mwenyewe ukiwa na sumaku mkononi, maana waya mzuri wa aina hiyo hauvutwi, au huvutwa kidogo sana. Mwambie asiunganishe kwa risasi.

Matundu ya bei nafuu yaliyopakwa rangi yakwaruze kwa ukucha. Rangi ikitoka, yaache. Waya wa kuku, ambao nao huchovywa katika zinki, sipendekezi, hata ukisuguliwa kwa siki.

Vijiti vya plastiki nilivitoa nikaweka matawi ya mpera yenye unene tofauti, kwa kuwa kijiti laini cha unene mmoja huumiza nyayo. Mparachichi usiutumie, ni sumu kwa ndege.

Kinachoniuma ni wauzaji wanaoita kila waya unaong'aa stenlesi, kisha wakapandisha bei kwa jina hilo. Mwezi uliopita nilimwomba mmoja ruhusa ya kupima tundu la shilingi 18,000, na sumaku ikanasa kwa nguvu pande zote nne. Nilimweleza yaliyompata Zabibu, kwa upole, tangu mwanzo hadi mwisho. Hakupunguza bei, wala hakuondoa kibandiko cha stenlesi.